Émile Bitasimwa, Aliyelinda Maji ya Kabingo

Padri wetu, daktari na masista wa sanatoriamu ya Kabingo, Papa Karangwa, baba mkwe wa marehemu, na ukoo wako wote, wazee wa Kibabi, jamaa mliotoka Walikale na Kalembe kwa miguu na kwa lori, majirani, na nyinyi wagonjwa mliojifunga blanketi mkaja kusimama kwenye baridi hii kwa ajili yake, familia inawasalimu nyote kwa jina la Yesu, nayo imenituma mimi, Floribert, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu Émile Bitasimwa tangu siku aliyozaliwa hadi juzi Jumatano, maana mtu akizikwa bila kusimuliwa, watu hubaki wanamsimulia wenyewe wanavyotaka, na tangu juzi mmekwisha kuanza.

Tunajua kinachosemwa nje ya ua huu. Kinasemwa kwamba mtu wa maji machafu ameuawa na maji yake mwenyewe, na tangu Jumatano jioni ndoo za Kibabi hazipandi tena kwenye chemchemi ya Nyamuhembe, zinashuka kinamasini, kule ng'ombe wanakonywea, na maji hayo ndiyo wanayopewa watoto. Marehemu, hadi pumzi zinamwishia, hakulia kwa sababu ya kufa, alilia kwa sababu ya ndoo hizo, alizoziona zikishuka kabla hazijashuka. Kwa hiyo familia imekubaliana historia hii isomwe yote, hata pale panapouma, na sehemu moja inayomhusu Papa Karangwa tumeomba kwanza ruhusa yake, naye ameitoa.

Marehemu Émile Bitasimwa alizaliwa mwaka wa 1918 katika kijiji cha Bukumbi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Walikale, akiwa mtoto wa tatu wa Papa Albert na Mama Valérie, na wa kwanza kuishi, na kuhusu siku yenyewe kadi ya ubatizo inasema tarehe 3 Machi, lakini Mama alisema hadi anakufa kwamba ulikuwa msimu wa viwavi, na sisi tunamwamini Mama. Baba yetu alikuwa mwindaji wa nyavu na mkulima wa ndizi na muhogo, Mkristo wa Jumapili ambaye siku nyingine sita alikuwa na mambo yake na msitu, kwa hiyo Émile alipita tohara ya porini pamoja na wenzake wa rika lake, jambo ambalo halisomwi mbele ya mama zetu, na tarehe 19 Aprili 1930, Jumamosi Kuu, alibatizwa, na hatukuwahi kumsikia akisema kwamba njia hizi mbili zilimgombanisha moyoni.

Masomo yake aliyaanza mwaka wa 1928 kwenye shule ya misioni, akayamaliza mwaka wa 1933, na darasa la nne alilirudia kwa sababu msimu wa nyavu ulipofika baba alimchukua, mwalimu akamfukuza, baba akapeleka paja la nguruwe-mwitu, mwalimu akamrudisha. Alijua kusoma, kuandika na hesabu, aliimba sauti ya chini kanisani, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama kitu kimoja muda mrefu hadi mwingine akachoka kumngoja.

Tarehe 4 Februari 1936 alipata kazi kwenye kambi moja ya machimbo huko huko Walikale, akatiwa katika kikosi cha usafi, yaani watu wa kuchimba vyoo, kufukia taka na kulinda lile shimo la saruji linalopokea maji ya vyoo vya wazungu wa kambi, ambalo wote mnalijua kwa jina la fosi. Nyumbani hatukupenda kazi hiyo, tusifiche, na watu walipouliza kijana wenu anafanya nini, Mama alijibu kwamba yuko upande wa maji, na kama mtu aliendelea kuuliza ni maji gani, Mama alikumbuka ghafla kwamba kuna chungu jikoni. Émile mwenyewe aliipenda. Alikuwa akituambia kwamba ndani ya fosi kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kula uchafu hadi unakwisha ukali, na kwamba mwenye fosi ni mfugaji kama mwenye ng'ombe, ila mifugo yake haina mikia.

Mwaka wa 1946 masista walikuwa wanajenga sanatoriamu ya wagonjwa wa kifua juu ya kilima hiki cha Kabingo, mahali palipochaguliwa kwa sababu ya hewa yake, na Frère Hilaire, bruda na fundi wa majengo wa misioni, aliteremka hadi Walikale kutafuta mtu anayejua fosi, akamkuta Émile, wakapatana, na tarehe 11 Juni 1946 kaka yetu alifika hapa na mkeka mmoja na sanduku la mbao. Usiku wa kwanza alivaa nguo zake zote, shati juu ya shati, akalala na viatu, na asubuhi akamwambia Frère kwamba huku si mahali pa watu, ni mahali pa kuhifadhia nyama. Mimi niliyefika Alhamisi nathibitisha, na watu wa Kibabi mtanisamehe.

Lakini baridi hiyo haikumsumbua yeye peke yake, iliwasumbua wadudu wake pia, na hapo ndipo ilipo kazi yake yote, kwa hiyo tuvumiliane kidogo. Huko Walikale uchafu unaoza haraka kwa sababu ya joto, hapa unakaa kama ulivyowekwa, na yeye na Frère Hilaire walijenga fosi yenye vyumba viwili kama ile ya kambi, wakaona mwaka wa kwanza maji yanatoka bado mazito na yananuka, wakakaa chini wote wawili wakakubali kwamba wamekosea, wakaongeza chumba cha tatu ili maji yakae ndani muda mrefu zaidi, kisha wakachimba mifereji wakaijaza changarawe na mchanga ili maji yachujwe yakizama polepole ndani ya kilima. Upande wa pili wa kilima ni mwamba mtupu, hapakuwa na njia nyingine ya kuyapeleka, na chini ya mifereji hiyo, kule mteremko unapoishia, ndiko inakotokea chemchemi ya Nyamuhembe, ambayo Kibabi nzima inakunywa. Émile aliliona jambo hilo tangu mwanzo, na kuanzia hapo hakuwa tena mtu wa kulinda shimo, alikuwa mtu wa kulinda vinywa vya watu, na kufikia mwaka wa 1948 maji yalikuwa mazuri.

Katika kazi hiyo alikutana na Emérita, binti wa Papa Karangwa na Mama Thacienne, aliyekuwa akileta viazi na maziwa kwenye jiko la masista, na ambaye, tofauti na wasichana wengine, hakuziba pua alipopita karibu na fosi, aliuliza ndani mna nini. Papa Karangwa alikataa mwanzoni, akasema hawezi kumpa binti yake mtu wa msituni anayefanya kazi na mavi, nasi tuliopelekwa kuposa tuliketi barazani kwake na meno yetu yanagongana, hatujui kama ni baridi au ni aibu. Baadaye Papa Karangwa alipanda mwenyewe hadi Kabingo, akatembezwa na Émile kuanzia chumba cha kwanza hadi mferejini, akaonyeshwa maji yanayoingia na maji yanayotoka, akashuka, na wiki iliyofuata akatuma mtu kusema tuje. Ndoa ilifungwa kanisani Jumamosi tarehe 9 Agosti 1947, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu aliyejivunia mkwe wake kama Papa Karangwa, hata sokoni alisimamisha watu kuwaeleza habari za fosi, wengine wakaanza kupita njia ya nyuma.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Rosalie aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1948, Colette aliyezaliwa tarehe 17 Januari 1950, Damascène aliyezaliwa tarehe 30 Julai 1953, na Albert, aliyepewa jina la baba yetu, aliyezaliwa tarehe 8 Desemba 1956 na ambaye mnamwona pale mgongoni mwa shangazi yake. Colette alitutangulia, na sasa tumefika kwenye sehemu ile tuliyoiombea ruhusa.

Mwaka wa 1950 Frère Hilaire alihamishwa mbali, Émile akabaki peke yake na kazi. Mwanzoni mwa Juni 1951 baba yetu, Papa Albert, aliugua sana, na tarehe 4 mwezi huo Émile aliteremka Walikale kumwuguza, na baba alifariki tarehe 15. Wakati huo huo parokia ilikuwa inamngoja Askofu aje kuwapa watu Kipaimara Jumapili tarehe 24, na Kibabi yote ilikuwa inafagia, inapaka chokaa, inafyeka njia. Papa Karangwa akasema kwamba kazi ya mkwe wake haiwezi kukutwa chafu na mgeni mkubwa namna ile, eti kwa sababu mwenyewe ana msiba, na kwamba kama Émile hayupo, yeye ana baba mkwe. Akaita vijana wa ukoo, wanawake wakaja na ndoo na majivu, na watu ambao miaka minne nyuma hawakutaka kupita karibu na shimo lile waliingia ndani yake wakiimba, wakatoa tope lote, wakalifukia vizuri mbali na maji, wakasugua kuta kwa majivu na mchanga vyumba vyote vitatu, kisha chokaa iliyobaki kanisani wakaipaka ndani, hadi fosi ikang'aa kuliko sakristia. Tunaomba kila mmoja alisikie hili jinsi lilivyo, kwamba kazi ile ilifanywa kwa upendo, na sisi wa Walikale hatujawahi kupata heshima kama ile kutoka kwa wakwe wa mahali popote.

Ila mnajua sasa, na wakati ule hamkujua. Tope lile lilikuwa ndilo zizi la wadudu wa Émile, na chokaa iliua hata waliobaki kwenye nyufa. Kaka yetu alirudi tarehe 2 Julai, akafunua mfuniko, akaona mle ndani mnameta, akakaa chini kwenye majani na kofia mkononi, kisha akateremka hadi kwa baba mkwe wake kumshukuru, kwa sababu alikuwa amelelewa. Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi kali hapa, hakuna kilichoota mle ndani, uchafu uliingia na ulitoka kama ulivyoingia, ukaziba mchanga wa mifereji. Émile alienda kwa masista, masista wakatangaza kanisani kwamba maji yachemshwe kwanza, watu wakacheka, wakasema fosi imesuguliwa juzi tu, ina uchafu gani. Septemba mvua ilikuja, mifereji ikafurika, maji yakapita juu ya ardhi yakaingia Nyamuhembe.

Kuhara damu kulianza mwishoni mwa mwezi ule. Colette alifariki tarehe 19 Oktoba 1951, na kuna wazazi wengine waliosimama hapa leo ambao wanaukumbuka mwezi ule kama sisi, na watoto wao wametajwa kwenye misa asubuhi hii pamoja naye.

Baada ya maziko Émile alikwenda kwa Papa Karangwa, akamweleza taratibu habari za tope na chokaa, hakutaja jina la Colette hata mara moja, lakini Papa Karangwa si mtu wa kuhitaji kutajiwa. Alisimama, akasema, «Nilipakaa chokaa na mikono yangu, Émile, kwa heshima yako, na leo unakuya kuniambia usafi njo iliua mutoto?» Émile akajibu, «Papa, sikusema hivyo, nasema fosi haipendi chokaa,» na mzee akamwambia atoke, na siku iliyofuata akawaambia watu kwamba maji ya Kabingo ni mabovu tangu mwanzo, kwamba mtu wa msitu anatafuta pa kutupia aibu yake, na kwamba nyumba yake itachota kinamasini. Papa Karangwa akichota kinamasini, nani katika Kibabi angechota pengine? Ndivyo mlivyoshuka nyote, na kinamasini kuhara hakukuisha, kulibadilisha nyumba tu.

Wengine walimshauri kaka yetu arudi Walikale. Mimi ni mmoja wao, nilimwandalia hata kiwanja. Alikataa, akasema kama akiondoka fosi itabaki hivyo na watu watabaki kinamasini, na kwamba ana mtoto amelala hapa. Mnamo Januari 1952 aliteremka kambini kwake kwa zamani, akaomba tope la fosi ya pale liwe mbegu, akalitia katika mitungi iliyozibwa kwa udongo, na wapagazi walipojua wanachobeba walidhani ni dawa ya uganga, wakatua mizigo hapo Kalembe wakakimbia, hadi Papa Ndagijimana, ambaye yuko hapa, alipompa vijana wake. Akamimina mbegu ile ndani ya fosi, akangoja, haikufaa, wadudu wa joto waliletwa kwenye baridi ghafla wakafa.

Jioni moja alikuwa ameketi jikoni, na mkewe alikuwa anafukia ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenye shimo la kuivishia, amelitandika majani, amelipasha moto, anafunika kwa udongo, na kwa hasira ya kumwona mume wake amenyamaza siku nyingi alimwambia maneno ambayo Mama Emérita ametukubalia tuyasome, «Ndizi huku haiivi kama haufunike, weye unaijua. Ile fosi yako unaiacha inje na baridi kama muntu hana blanketi, itaiva namna gani?» Émile alimtazama, akasimama, akatoka na giza lile lile kwenda kwa jirani yao Papa Ndayambaje kuomba mbolea ya ng'ombe, maana kila mfugaji hapa anajua kwamba lundo la samadi mbichi linatoa moshi asubuhi kwa joto lake.

Wakachimba kuzunguka kuta za fosi upande wa nje, wakashindilia samadi, wakafunika juu kwa majani ya migomba na udongo, na kila samadi ilipopoa waliitoa ikaenda mashambani wakaweka nyingine. Aliteremka tena Walikale akaleta mbegu ya pili, na safari hii ilipofika ilikuta kitanda kimetandikwa. Ilichukua mwaka mzima na zaidi, mifereji ilichimbuliwa yote mchanga ukabadilishwa, na baada ya Pasaka ya 1953 daktari aliyapima maji ya Nyamuhembe akasema yananyweka. Jumapili ya kwanza baada ya hapo, misa ilipokwisha, Émile alikwenda na Emérita, mja mzito, na Rosalie, wakasimama kwenye chemchemi mbele ya watu wakanywa, wakarudia Jumapili iliyofuata, na ikawa desturi yao. Watu walirudi mmoja mmoja, kwanza Papa Ndayambaje, ambaye alisema hawezi kutoa samadi ya ng'ombe wake wote halafu asionje, kisha wanawake wenye watoto wadogo, na kufikia mwaka wa 1955 Kibabi karibu yote ilikuwa inachota Nyamuhembe, na mwezi wa kuhara ulipofika ulipita bila jeneza.

Papa Karangwa peke yake hakurudi. Tusieleweke vibaya, yeye na Émile hawakuwa maadui, walisaidiana mashambani, walipokea wageni pamoja, mzee aliwapakata wajukuu na kuwafundisha kukamua, na alipokuja kwa mkwe wake alikunywa kasiksi, alikunywa maziwa, ila maji hapana, na Émile hakumtengea maji, ili asilazimike kukataa. Wakati fulani nilimwuliza kaka kama haimchukizi. Alisema, «Akikunywa ile maji, itamubidi akubali ingine mambo, na ile iko nzito, Floribert, umuache.»

Mama yetu, Mama Valérie, alifariki Septemba mwaka huu, na tarehe 20 Septemba Émile aliondoka hapa kuja matangani kwetu, ambako alikaa hadi tarehe 22 Oktoba. Naomba sasa msikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo penye maneno yanayosemwa. Mto wetu ulikuwa umefurika ukaingia kwenye visima, tulikunywa maji hayo hayo sote, na homa ya matumbo iliwapata pia shangazi yetu na kijana mmoja wa jirani, ambao hawajawahi kuona Kabingo hata kwa mbali. Yeye ilimkuta njiani, akafika Kalembe anatetemeka, akalala kwa Papa Ndagijimana usiku mbili, na alipofika nyumbani tarehe 26 Oktoba alikwisha kuwa mgonjwa wa kubebwa. Daktari alimtibu kwa yote aliyokuwa nayo, masista walimkesha, lakini utumbo ulitoboka, na Jumatano tarehe 13 Novemba 1957, saa tisa ya mchana, kaka yetu alitutoka akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Hakuna tone la Nyamuhembe lililomgusa tangu alipoondoka Septemba hadi alipoletwa akiwa tayari mgonjwa. Maneno yake ya mwisho ambayo mkewe aliweza kuyasikia yalikuwa haya, «Wasirudi kule ku kinamasi, Mama Rosalie. Ile homa nimeitoa kwetu. Maji ya huku iko muzuri.» Kisha akauliza kama samadi imebadilishwa, akaambiwa ndiyo.

Familia inamshukuru daktari, ambaye alikuja hata siku ambazo hatukumwita, inawashukuru masista na wauguzi, wakiwemo wale waliomwogesha bila kuogopa ugonjwa wake, inamshukuru Papa Ndagijimana kwa kitanda chake na kwa machela, Papa Ndayambaje na vijana wake ambao wiki hizi zote walipanda kufunika fosi ili isipoe wakati mwenyewe amelala, wafanyakazi wenzake wa sanatoriamu waliochonga jeneza, wanakwaya, akina mama waliopika, hata wale waliopika kwa maji ya kinamasi kwa hofu, hatuwalaumu, chakula kilikuwa kitamu. Mama Thacienne, ulimpokea mtoto wa watu ukamfanya wako, sisi wa Walikale hatuna cha kukulipa. Mama Emérita, shemeji yangu, wewe unajua.

Tukitoka kaburini kila mtu atanawa mikono mlangoni kama ilivyo kawaida, na mmeona mtungi mkubwa pale kwenye kizingiti. Jana usiku tulibishana juu ya maji hayo yatoke wapi, tukalala hatujapatana. Alfajiri, kabla wanawake hawajaamka, Papa Karangwa, mzee ambaye tangu azaliwe hajawahi kubeba maji, na ambaye miguu yake mnaiona, aliuchukua mtungi ule bila kumwambia mtu, akapanda Nyamuhembe, akaujaza, akaushusha mwenyewe begani akisimama kila hatua chache, na Mama Emérita alipofungua mlango alimkuta amekaa karibu nao, amelowa kifua kizima, na kibuyu mkononi, amekwisha kunywa. Alimwambia binti yake neno moja tu la kukiri, ambalo alitaka lisomwe hapa kwa sababu yeye mwenyewe hataweza kulisema mbele ya watu, «Njo mimi, Emérita. Ile chokaa, njo mimi.»

Émile, kaka yetu, lala sasa, baba mkwe wako amekunywa.